Jinsi ya kujua kama paka wako anakupenda, na namna ya kumjibu

Kuna maneno yanasemwaga sana huku kwetu, eti paka hana mapenzi na mtu, anapenda nyumba na sahani yake tu, na mkihama atarudi kule kule kwa zamani awaache, rafiki wa kweli ni mbwa. Mi nakataa. Paka anapenda, tena anasema kila siku, ila anasema kwa sauti ya chini na sisi tumezoea fujo za mbwa, yule anayekurukia getini mpaka anakuchania shati ndo tunaona huyu anajua kupokea watu. Sasa ntakuelekeza jinsi ya kumsoma paka wako kuanzia mkiani mpaka kwenye kope, na kila ukiona ishara ufanye nini, maana kuijua tu haitoshi, ukimjibu vibaya mara nyingi anaamua kunyamaza.

Kwanza shika jambo moja, hilo ndo linafungua mengine yote. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, wataalamu wanamwita Felis lybica, na sio mnyama wa mbali, Serengeti yupo mpaka leo, anatembea peke yake na anawinda peke yake. Alisogea kwa binadamu kule Mashariki ya Kati kitu cha miaka 10,000 iliyopita, watu walianza kuweka nafaka, panya wakaifuata nafaka, paka akawafuata panya. Na hawakukaa muda mrefu bila kuzoeana, kwenye kisiwa cha Kupro lilikutwa kaburi la miaka kama 9,500, mtu kazikwa na paka kazikwa pembeni yake hatua moja tu, habari zake zilitangazwa mwaka 2004. Mtu hazikwi na mnyama asiyemjali.

Sasa mnyama wa kuishi peke yake hanaga lugha kubwa ya kusalimiana na wakubwa wenzake. Lugha ya mapenzi aliyonayo ni ile ya utotoni, yeye na mama yake. Alipoanza kukaa na watu akaichukua hiyo hiyo akaendelea nayo mpaka ukubwani. Kwa hiyo mambo mengi ntakayokwambia hapa chini, mkia juu, kukanda, nyau nyau, kujibana na wewe usiku, ni mambo ya kitoto cha paka kwa mama yake. Yaani kwake we ni mama, hata kama una ndevu.

Anza na mkia

Ukifika nyumbani usikimbilie kumbeba. Simama mlangoni uangalie mkia. Ukiwa umesimama wima juu, ncha imepinda kidogo, hiyo ndo salamu yenyewe, na ni kubwa. Vitoto vya paka ndo vinamwendea mama yao hivyo, na paka wa nyumbani wakubwa wanafanyiana hivyo wakikutana kwa wema. Paka wangu anaitwa Chausiku (tulimpata usiku, na ana rangi ya majivu), jioni anakuwa juu ya ukuta wa uani, akisikia komeo la geti anashuka, anatua, anajinyoosha kwanza miguu ya mbele halafu ya nyuma, ye hana haraka, ndo mkia unapanda taratibu na anakuja kwa mwendo wa kunipita kidogo pembeni, haji moja kwa moja. Usitegemee paka akujie mbio uso kwa uso, kwao hiyo ni shari.

Jinsi ya kumjibu: chuchumaa, nyoosha mkono chini usawa wa pua yake, kidole kimoja kimelegea, halafu tulia. Usimfuate. Atanusa, na akiwa na mudi atapitisha shavu lake kwenye kidole. Akinusa akaondoka, basi, kashakusalimia, mambo yake mengine yanaendelea.

Ila mikia haifanani. Mkia uliovimba manyoya yote yamesimama ni hofu. Mkia unaopigapiga chini au kwenda huku na huku kwa nguvu ni hasira au kero, hapo watu wengi wanajichanganya kwa sababu mbwa akitikisa mkia anafurahi, wanamshika paka anayetikisa mkia wanapigwa kucha halafu wanasema paka ni mnafiki, wakati mwenzao alishawaambia mapema kabisa. Na akigeuzia ukuta mgongo, mkia juu unatetemeka, angalia vizuri, inawezekana hakusalimii wewe, anarusha mkojo kuweka alama. Madume ambao hawajahasiwa ndo mabingwa wa hiyo kazi.

Kujisugua

Kwenye mashavu, kidevuni, kwenye paji la uso na pale mkia unapoanzia, paka ana tezi zinazotoa harufu ambayo sisi hatuisikii. Anapokusugua mguuni anakupaka hiyo harufu, na anachukua yako. Paka wanaokaa pamoja wakaelewana wanasuguana hivyo hivyo mpaka wote wananukia kitu kimoja, ndo kitambulisho chao cha ukoo. We ukitoka kazini umepita daladala, umebanana na watu, umepita buchani, unarudi unanuka mtaa mzima, lazima akufanyie upya. Ndo maana anaanza na viatu na begi.

Mama yangu anasema huyo anataka chakula tu. Sawa, mara nyingi anataka chakula kweli, lakini kitu kimoja hakizuii kingine, hata mtoto akikukumbatia mlangoni huku macho yake yako kwenye mfuko wa maandazi haimaanishi hakupendi.

Hii habari ya harufu ina faida ya kivitendo. Mkihama nyumba, usifue kila kitu. Acha kitambaa chake au khanga kuukuu anayolalia ikiwa na uchafu wake, ukaitandike kwenye chumba kimoja kwenye nyumba mpya, umfungie humo kwanza na chakula, maji na boksi la mchanga, siku chache mpaka aanze kusugua kona za kuta. Akishasugua mlango na miguu ya meza ujue kashahamia. Wale paka wanaosemwa wanapenda nyumba kuliko watu, wengi wao walitupwa tu kwenye nyumba mpya mlango wazi siku hiyo hiyo, hakuna kinachonuka kwao pale, wakarudi kwenye harufu wanayoijua.

Na wanaouliza kuhusu udhu, kwa sababu hili swali huku pwani halikosi: Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, mkwewe akawa anamshangaa, akamwambia Mtume (SAW) amesema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukieni. Kwa hiyo akijisugua kwenye kanzu wakati unaenda kuswali usimpige teke.

Macho

Hii ndo tamu kuliko zote na ndo watu hawaijui. Paka akiwa amekaa mbali kidogo, ametulia, anakutazama, halafu anafumba macho polepole, anayaacha nusu, anafumbua polepole. Hana usingizi. Anakwambia niko salama na wewe. Kwenye dunia ya paka kukodoleana macho ni ugomvi unaokaribia, kwa hiyo anayefumba macho mbele yako kajitoa.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza walilijaribu hili. Waliwaambia wenye paka wawafumbie macho taratibu paka wao, na paka wakawa wanafumba zaidi kuliko pale ambapo mwenyewe yupo tu chumbani hafanyi chochote. Halafu wakaleta mtu mgeni kabisa afanye vile vile, na paka wakamsogelea mkono zaidi akiwa amefumba macho taratibu kuliko akiwa na uso mkavu. Kwa hiyo sio mambo ya wapenda paka kujifurahisha.

Namna ya kuifanya ni hivi. Kaa chini au kwenye kochi, mita moja au mbili kutoka kwake, usimsimamie kichwani. Mwangalie kwa ulaini, macho yalegee, usimkazie. Yafumbe nusu, halafu funga kabisa kwa sekunde moja mbili, fungua taratibu, kisha geuza uso pembeni kidogo. Subiri. Anaweza akajibu saa hiyo hiyo, anaweza akajibu baada ya dakika tano wakati we ushaanza kuchati, na anaweza asijibu kabisa, usiirudie rudie mpaka akakuona una matatizo. Nyakati nzuri ni baada ya kula, au ule muda wa mchana jua kali kila mtu kalegea. Na inafanya kazi hata kwa paka wa mtaani, ukienda Lamu au Mji Mkongwe pale Zanzibar paka wamejaa mabarazani, kaa uwajaribu, utashangaa.

Kukanda

Anakupandia mapajani au tumboni anaanza kukandamiza mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, ukimwangalia utadhani anakanda unga wa chapati. Kitoto cha paka kinafanya hivyo kwenye tumbo la mama kikiwa kinanyonya, ili maziwa yashuke. Mkubwa akikufanyia amerudi utotoni kabisa, wengine wanatoa mpaka ute mdomoni, wengine wananyonya kona ya shati.

Shida ni kucha. Akizamia humo anasahau kama wewe una ngozi. Usimrushe wala usimpigie kelele, pale ndo amefungua moyo. Weka kitenge umekunja mara tatu nne mapajani kabla hajapanda, ukikaa na kitambaa hicho hicho kila siku ye mwenyewe atakuwa anakuja akikiona. Na ukijaaliwa akazoea kushikwa miguu, mkate ncha za kucha, ncha tu, kuna kisehemu cha pinki kwa ndani kina damu, usikifikie. Kama huoni vizuri, au kucha zake nyeusi, muachie daktari wa mifugo.

Mngurumo na nyau

Ule mngurumo wa kooni mara nyingi ni raha, lakini sio kila saa. Paka aliyeumia anaunguruma, anayezaa anaunguruma, wengine wanaunguruma mezani kwa daktari. Kwa hiyo usiusikilize peke yake, angalia na mwili: amelegea, macho nusu, anajilaza upande, ni raha. Amejikunyata kwenye kona, hali, haji, huku anaunguruma, huyo anaumwa. Kuna na wa tatu, mngurumo wa njaa, watafiti wa hapo hapo Sussex mwaka 2009 waligundua paka wengine wanachomeka ndani ya mngurumo kilio chembamba cha juu juu, na watu wakisikilizishwa wanasema huu una haraka, haupendezi kuupuuza. Saa kumi na moja alfajiri sikioni mwako, ndo huo.

Nyau nayo ina kituko chake. Vitoto vinamlilia mama, lakini paka wakubwa wakiwa wao kwa wao ni nadra sana kuambiana nyau, labda ugomvi na mambo ya kutafutana usiku. Nyau ni kwa ajili yetu. Amegundua kwamba hawa viumbe mkia hawausomi, harufu hawaisikii, ila ukilia wanageuka, basi analia. Kila nyumba inajitengenezea kamusi yake, Chausiku ana ile fupi ya kukatika ya "nifungulie", ana ndefu yenye malalamiko ya "ndoo ya maji imehamishwa", na ana ile ya "mrrp" ya kooni mdomo umefungwa, hiyo ya mwisho ndo ya upendo, mama paka anaitia watoto wake wamfuate. Ukiambiwa "mrrp" jibu, mwite jina lake kwa sauti ndogo, usinyamaze. Jina analijua. Japani mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba paka wanalitofautisha jina lao na maneno mengine yanayofanana nalo, hata likitamkwa na mgeni. Kuja akiitwa ni habari nyingine, hiyo ni hiari yake.

Tumbo, hapa ndo watu wanapotoboka mikono

Wazee walisema paka hakubali kulala chali, na ukiwaza ni kweli, tumbo ndo sehemu yake dhaifu kuliko zote, akiwa chali kwa ugomvi anakuwa katoa silaha zote nne nje. Sasa akija mbele yako mwenyewe akajirusha chini, akageuza tumbo, akakutazama, amekuamini kiasi hicho. Amekuamini kwamba hutalishika! Sio mwaliko. Mfumbie macho, ongea naye, mkune kidevu kama kiko karibu, tumbo liache. Wapo paka wanaopenda kushikwa tumbo, wapo, wachache, na wenyewe watakujulisha kwa kubaki wamelegea. Akikamata mkono kwa miguu ya mbele na kuanza kupiga mateke ya nyuma, usivute, kuvuta kunamfanya akaze. Legeza mkono, tulia, ataachia.

Zawadi mlangoni

Panya amelala kwenye kapeti, kichwa hakipo, na paka kakaa pembeni anakutazama. Mama paka ndo anawaletea watoto mawindo, kwanza waliokufa, baadaye walio hai nusu ili wajifunze kazi. Wengine wanasema analeta tu pale anapoona ni salama kuhifadhi. Mi naona yote mawili yana sifa kwako, aidha we ni mtoto asiyejua kuwinda au nyumba yako ndo sehemu anayoiamini.

Usipige yowe, usimfukuze na ndala. Mpe neno zuri, mtoe kwanza chumbani kwa kumpa kitu cha kula, halafu mchukue panya kwa mfuko wa plastiki bila kumgusa, nawa mikono na sabuni, piga deki pale. Na hapa niseme kitu cha maana: kama nyumba za jirani wanatega kwa sumu ya panya, ongea nao, paka akimla panya aliyekula sumu na yeye anaweza kufa. Dawa ya minyoo pia usisahau, paka mwindaji hawezi kukwepa minyoo.

Kukaa tu karibu

Ishara hii ni ya kimya mno mpaka wengi hawaihesabu. Haji mapajani, hajisugui, ila kila chumba unachohamia baada ya muda yupo. Unapika, yuko kwenye kizingiti. Unafua, yuko juu ya beseni lililogeuzwa. Tena mara nyingi anakaa amekupa mgongo, watu wanaona dharau. Pale Feri, soko la samaki, nilikuwa naangalia shume mmoja sikio limechanika, hashikiki na mtu, lakini kuna mama anayetoa magamba ya samaki, akishakaa kwenye ndoo yake yule shume anakuja anakaa nyuma ya miguu yake, kampa mgongo, anatazama watu wanaopita. Mgongo wake kauacha kwa yule mama kwa sababu upande ule hauna wasiwasi, anaoulinda ni upande mwingine. Ukipewa mgongo, au hata ukaletewa makalio usoni saa ya kulala, shukuru.

Usiku akija kulala miguuni au shingoni, ni kweli anafuata joto pia, lakini nyumba ina sehemu nyingi zenye joto na kachagua shingo yako. Akikulamba nywele au vidole na ule ulimi wake wa kukwaruza, anakusafisha, wanafanyiana ndugu kwa ndugu. Akichoka na kulamba anaweza kukung'ata kidogo bila kutoboa, toa mkono taratibu, yameisha.

Na kama bado una shaka kwamba paka anashikamana na mtu: kule Marekani, Chuo Kikuu cha Oregon State, mwaka 2019 walitoa utafiti, paka anakaa na mtu wake kwenye chumba kigeni dakika mbili, mtu anatoka dakika mbili, anarudi. Vitoto vya paka kama asilimia 64, na wakubwa asilimia karibu na hiyo, mtu wao akirudi walimsalimia kidogo, wakatulia, wakaendelea kukagua chumba. Hivyo ndo anavyofanya mtoto mdogo mwenye usalama na mzazi wake. Kwa hiyo paka anayekusalimia sekunde kumi halafu akaenda kunusa pazia, hajakupuuza, ndo yuko sawa kabisa.

Sasa kumshika

Siri kubwa ni kumwachia yeye aanze. Mtafiti mmoja wa Uswisi, Dennis Turner, alikaa miaka mingi anaangalia paka na watu majumbani, akaona kwamba paka akianza mwenyewe mazungumzo yanakaa muda mrefu kuliko mtu akianza. We mwenyewe jaribu kuhesabu, mara ngapi umemnyanyua akashuka baada ya muda mfupi, na mara ngapi kapanda mwenyewe mkakaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwaka 2021 watafiti wa Nottingham Trent wakishirikiana na kituo cha Battersea cha London kinachotunza paka na mbwa waliwafundisha watu mambo matatu kabla ya kuwashika paka: mwache achague, muangalie mwili wake muda wote, na ushike pale panapopendwa. Paka walioshikwa kwa utaratibu huo walikuwa wapole zaidi na hawakuonyesha ukali kiasi cha wale walioshikwa kiholela. Pale panapopendwa ni mashavu, chini ya kidevu, na pale masikio yanapoanzia. Pasipopendwa ni tumbo na pale mkia unapoanzia, miguu pia wengi hawataki.

Kwa hiyo: mpe kidole anuse, akisugua mkune shavu, sekunde tatu hivi, halafu toa mkono. Ndio, utoe. Akisogeza kichwa kuufuata mkono, endelea. Asipoufuata, kashatosheka, msamehe. Ukiendelea angalia mkia umeanza kupiga, ngozi ya mgongo inacheza, masikio yanageukia nyuma, kageuza kichwa ghafla kuangalia mkono wako, mngurumo umekata. Yoyote kati ya hayo, acha hapo hapo. Na mabusu na kumbana kifuani kwa nguvu kwa ajili ya picha, wengi wanavumilia tu, uangalie vizuri hiyo picha masikio yako wapi.

Kama haonyeshi chochote

Kwanza uliza ametoka wapi. Vitoto vya paka vina dirisha lao, kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba hivi tangu kuzaliwa, vikishikwa shikwa na watu kwa upole kipindi hicho vinakua vikiwaona watu ni jamaa. Kikikulia chini ya kontena bila mtu kukigusa, ukakichukua kikubwa, kinaweza kisije kukaa mapajani maisha yake yote, na kuishi ndani ya uzio wako bila kukukimbia ndo mapenzi yake hayo, yapokee. Na kwa nyumba zetu nyingi paka analetwa kwa kazi ya panya, anafukuzwa jikoni, anarushiwa ndala, watoto wanamvuta mkia, halafu tunauliza mbona hana mapenzi, angeyaanzia wapi?

Wa hivyo mtongoze taratibu. Chakula saa zile zile kila siku, mkono ule ule. Ukishaweka sahani kaa chini pembeni, usimtazame, chezea simu yako. Kila baada ya siku kadhaa sogea kidogo. Jioni vuta uzi wenye kitambaa sakafuni dakika chache, mchezo unawalainisha wengi kuliko kushikwa. Muwekee boksi la kujificha, na akiwa ndani ya boksi asiguswe na mtu, hata mwenye nyumba. Kupiga usipige kabisa, paka haunganishi kipigo na kosa, anaunganisha kipigo na wewe. Dume mhasi, jike mfunge uzazi, wakitulia na mambo ya kuzurura wanakuwa na muda na wewe.

Kingine, jua kawaida yake ili ujue ikibadilika. Aliyekuwa anakuja mlangoni kila jioni akaanza kujificha chini ya kitanda, au aliyekuwa na maringo akaanza kukung'ang'ania ghafla mchana kutwa, huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Dume anayeingia kwenye mchanga mara kwa mara, anajikamua, mkojo hautoki, hiyo sio ya kusubiri kesho. Panadol usimpe hata robo, inaua paka. Na paka usiyemjua akikung'ata au kukukwaruza mpaka damu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu uende hospitali, kichaa cha mbwa kinawapata na paka.

Watoto nyumbani wafundishe wakiwa wamekaa chini, paka ndo aende kwao. Kiganja wazi, mkono mmoja, mashavuni tu. Aliye chini ya miaka mitano asiachwe naye peke yake. Na wakati wanamshika, mlango uwe wazi ili akichoka apite.